UZI: Nauli ya marehemu. Wagiriki walibadili dini, Charon hakuondoka

#1 Mtanga wa Bandarini

Wakuu, salaam.

Niliishi Thessaloniki, kaskazini mwa Ugiriki, miaka miwili kimasomo. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, mtu mzima, ambaye jengo zima walimwita kyria, yaani bibi kwa heshima. Jumamosi moja ya Februari, Kwaresima haijaingia, alinigongea mlango asubuhi akanipa kifuko cheupe cha karatasi kilichochapwa msalaba. Nilidhani peremende. Kufungua, ngano! Ngano nzima, imechemshwa ikaiva, ikatandazwa kwenye kitambaa usiku kucha hata punje hazishikani, kisha ikachanganywa na zabibu kavu, lozi, mdalasini na punje nyekundu za komamanga. Juu yake sukari ya unga. Akasema: "Ni ya marehemu wetu. Kula, useme Mungu awasamehe." Nikala pale pale mlangoni, naye amesimama ananitazama mpaka nikamaliza.

Nikamuuliza kwa nini iwe ngano. Akainua mabega. "Ndivyo tulivyowakuta wakubwa wakifanya."

Jibu hilo halikunitoka. Historia ya Ugiriki tuliyosoma shuleni inaanza na Homer, inapita Athens ya Pericles, inamfikia Alexander, halafu Warumi wanaingia na kitabu kinafungwa, kana kwamba wenyeji walihama siku ile. Hawakuhama. Waliendelea kuoa, kulima na kuzika watu wao, na ni kwenye mazishi nilikoona uzi wao haujakatika. Nitashusha kwa vipande maana natumia simu. Wa kumfuata ni mmoja tu: Charon, mvushaji aliyeaminiwa kupeleka roho za wafu kuzimu kwa mtumbwi.

#2 Kasuku wa Kisosora

Nimetandika mkeka mbele kabisa. Shusha, mkuu.

#3 Mtanga wa Bandarini

Tuanze na jambo linalowashangaza wengi: Homer hamjui Charon. Katika Iliad na Odyssey roho zinashuka zenyewe au zinaongozwa na Hermes, mungu mjumbe, na mtumbwi haupo. Charon anatokea baadaye kidogo, na kufikia miaka ya 400 KK yuko kila mahali Athens. Mahali pazuri pa kumwona ni kwenye vichupa vyembamba vya mafuta vyenye rangi nyeupe, lekythos, vilivyotengenezwa maalumu kwa ajili ya kaburi.

Nilisimama mbele ya vichupa hivyo kwenye Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, Athens, mpaka mlinzi akaja kuniangalia. Charon si jitu, wala hana meno ya kutisha. Ni mtu wa kazi. Amevaa kanzu fupi ya vibarua iliyoacha bega moja wazi, kichwani kofia ya mabaharia, mkononi ameshika pondo, na mtumbwi wake umeingia kwenye matete. Mbele yake Hermes anamleta mwanamke taratibu, na mwanamke yule amesimama kama abiria mwingine yeyote anayengoja zamu. Ukimwona Charon yule unaweza kumsalimia.

Na kama mvushaji yeyote, anataka nauli. Aristophanes, katika mchezo wake wa Vyura wa mwaka 405 KK, anamfanya Charon adai oboli 2. Desturi ya mazishi ilikuwa oboli 1, sarafu ndogo ya fedha ambayo marehemu aliwekewa mdomoni.

#4 Fundi Saa

Oboli ni kiasi gani kwa maisha ya wakati ule? Na kwa nini mdomoni, si mkononi?

#5 Mtanga wa Bandarini

@Fundi Saa swali zuri. Oboli 6 zilikuwa drakma 1. Hesabu za ujenzi wa hekalu la Erechtheion pale Akropoli, zilizochongwa kwenye mawe mwishoni mwa miaka ya 400 KK, zinaonyesha fundi alilipwa drakma 1 kwa siku. Kwa hiyo nauli ya Charon ilikuwa sehemu ya 6 ya kibarua cha siku moja. Oboli ya Athens haikufika hata gramu moja. Ukiiweka kwenye kiganja ni kama gamba la dagaa.

Kuhusu mdomo, hapo hakuna siri. Watu wa kawaida walibeba chenji mdomoni walipokwenda sokoni. Mavazi yao hayakuwa na mifuko, na kisarafu kidogo hivyo kikidondoka hukioni tena. Aristophanes huyo huyo anawataja watu wenye chenji mashavuni. Marehemu aliwekewa nauli yake pale pale alipozoea kuiweka akiwa hai. Jambo dogo, lakini mimi lilinigusa. Aliyemfungasha alimfikiria kama msafiri.

Wachimbaji wa makaburi wamezikuta sarafu hizo, nyingine mdomoni, nyingine mkononi. Si kila kaburi, na makaburi mengi hayana kitu. Hata zama zile walikuwepo waliouliza maswali. Lucian, mwandishi wa karne ya 2 BK, aliandika kwamba watu wanaweka oboli bila kufikiri huko chini inatumika pesa ya Athens, ya Makedonia au ya Aegina, na kwamba ingekuwa heri marehemu asiwe na nauli kabisa, arudishwe nyumbani.

#6 Mwl. Mstaafu

Mwenye uzi, hongera, ila naomba usahihi. Charon si kifo. Kifo chenyewe ni Thanatos, ndugu pacha wa Usingizi. Mwenye milki ya chini ni Hades. Charon ni mtumishi wa kuvusha tu. Wasomaji wasichanganye.

#7 Mtanga wa Bandarini

@Mwl. Mstaafu shikamoo mwalimu. Uko sahihi kabisa kwa zama za kale, na umenifikisha nilikokuwa nataka kufika. Mambo hayakubaki hivyo.

Hao watatu kwa karne nyingi walisogeleana mpaka wakawa mtu mmoja. Leo ukimsikiliza Mgiriki wa kijijini, kifo kinaitwa Charos, na herufi hizo za kwanza hutamkwa kama kh yetu. Hades limebaki jina la mahali, ulimwengu wa chini. Thanatos limebaki neno la kawaida la "kifo", halina sura. Charon ndiye aliyebaki na uso, ila amepandishwa cheo: havushi tena, anakuja kuchukua. Mtumbwi ameuacha, sasa anapanda farasi mweusi.

Baadhi ya tabia zake mpya alizirithi kwa Thanatos. Mwaka 438 KK Euripides alionyesha mchezo wa Alcestis, mke aliyekubali kufa badala ya mumewe. Thanatos anakuja amevaa nguo nyeusi na upanga mkononi, naye shujaa Herakles anamvizia kaburini, anapigana naye mieleka na kumrudisha yule mke nyumbani. Ishikeni picha hiyo ya mieleka na kifo. Tutairudia.

#8 Shangazi Mpole

Nimesoma hiyo ya ngano nikakumbuka matanga yetu. Hao watu wana arobaini kama sisi? Na wanawake wanalia kwa sauti au wanakatazwa?

#9 Mtanga wa Bandarini

@Shangazi Mpole arobaini wanayo, tena kubwa. Waorthodoksi humwombea marehemu siku ya 3, ya 9 na ya 40, kisha mwaka. Sasa sikiliza: Athens ya kale walikuwa na siku ya 3, ya 9 na ya 30. Iliyobadilika ni moja tu.

Kuhusu kulia, hapo nitakaa kidogo, maana hao wanawake ndio wenye uzi huu.

Mwanzoni mwa miaka ya 500 KK, Solon alipoandika sheria za Athens, aliwawekea wanawake masharti ya msibani. Alikataza kujichanachana mashavu. Alikataza maombolezo ya kutungwa. Alikataza kumlilia mtu mwingine kwenye mazishi ambayo si yake. Sheria inayotajwa kwa jina lake ilitaka maiti itolewe kabla jua halijachomoza, na mwanamke wa chini ya miaka 60 asiingie alipolazwa marehemu wala asifuate msafara, isipokuwa awe ndugu wa karibu. Miji mingine nayo ilitunga sheria zake. Wenye mamlaka waliogopa kilio kile, kwa sababu mwanamke aliyesimama juu ya maiti ya kaka yake aliweza kwa beti chache kuwasha kisasi kati ya koo mbili.

Songa mbele miaka zaidi ya 900. Dola ni ya Kikristo. John Chrysostom, askofu wa Constantinople kuanzia mwaka 398, mhubiri ambaye jina lake lina maana ya "mdomo wa dhahabu", anapiga kelele mimbarani kuhusu jambo lile lile: wanawake wanaajiriwa kulia, wanajirarua nywele na mashavu. Anatishia kuwatenga na kanisa wanaowaita.

Na leo? Rasi ya Mani, kusini kabisa mwa Peloponnese, wimbo wa msiba unaitwa moirologi. Wanawake wamezunguka jeneza, mmoja anaanza, anamsemesha marehemu kwa jina lake, anamlaumu kwa kuondoka, anamtajia waliomtangulia atakaowakuta, kisha anampokeza mwenzake. Sheria ya Solon ilishindwa na hotuba za Chrysostom zilishindwa.

#10 Shangazi Mpole

Hilo la kumlaumu marehemu nalijua vizuri. Endelea, mwanangu.

#11 Simba wa Mbugani

Naona hapa ni upagani umefichwa ndani ya kanisa. Huyo mama aliyekupa ngano anaabudu miungu ya kale bila kujua. Ni ushirikina mtupu.

#12 Mtanga wa Bandarini

@Simba wa Mbugani hapana, ndugu yangu. Nimekaa na mama yule, nimemwona akifunga Kwaresima nzima bila nyama, bila maziwa, bila mayai. Ni muumini wa kweli, wala hakuna Hermes moyoni mwake. Kushika desturi ni kitu kimoja, kuabudu ni kingine. Ukishika jembe la babu yako hujamwabudu babu.

Kanisa lina maelezo yake kuhusu ngano hiyo, inayoitwa kolyva. La kwanza ni maneno ya Injili ya Yohana: punje ya ngano isipoanguka ardhini ikafa, hubaki peke yake. La pili ni kisa cha mfalme Julian, aliyetawala kati ya 361 na 363 na kujaribu kurudisha miungu ya zamani. Inasimuliwa kwamba wiki ya kwanza ya Kwaresima aliamuru vyakula vya sokoni Constantinople vinyunyiziwe damu ya sadaka za miungu, ili Wakristo wale bila kujua. Mtakatifu Theodore, askari aliyeuawa kwa ajili ya imani miaka mingi nyuma, akamtokea askofu wa mji: waambie watu wasinunue kitu, wachemshe ngano waliyo nayo nyumbani. Mpaka leo Jumamosi ya kwanza ya Kwaresima ni ya Theodore na kolyva.

Ila kabla ya Theodore na Julian, Waathens walikuwa na sikukuu ya siku 3 iitwayo Anthesteria, majira hayo hayo ya Februari na Machi. Siku ya mwisho iliitwa Chytroi, maana yake vyungu. Roho za wafu ziliaminika kuwa zimepanda juu zinazunguka mjini. Watu walitafuna majani ya mti wa miiba na kupaka milango lami ili zisiingie ndani. Na chunguni walipika nafaka na mbegu za kila aina kwa ajili ya Hermes wa chini ya ardhi, yule mpeleka roho. Jioni walipiga kelele: tokeni nje, Anthesteria imekwisha!

Nafaka ya kuchemshwa, kwa ajili ya wafu, baridi inapomalizika. Kwangu mimi huyo ni mtu yule yule aliyebatizwa jina jipya.

#13 Kasuku wa Kisosora

Sasa hapa katikati, enzi za kati zenyewe, Wagiriki walikuwa wapi? Ndiyo hao Wabizanti?

#14 Mtanga wa Bandarini

Ndiyo hao, ila wangekusikia unawaita Wabizanti wasingekuelewa, na ukiwaita Wagiriki wangekasirika. Wenyewe walijiita Romaioi, Warumi, ingawa waliongea Kigiriki. Neno Hellene, walilojiitia babu zao, lilikuwa limegeuka kumaanisha mpagani.

Ushahidi mzuri uko kwa mfalme Constantine wa 7, aliyeandika katika karne ya 10. Anasema watu wa Mani bado waliitwa Hellenes na majirani zao kwa kuwa zamani waliabudu sanamu, na kwamba walibatizwa wakati wa mfalme Basil wa 1, aliyetawala 867 hadi 886. Pimeni umbali. Mfalme Theodosius alipiga marufuku sadaka za miungu mwaka 391 na 392. Mfalme Justinian akawakataza wapagani kufundisha falsafa Athens mwaka 529. Ila kule kwenye majabali ya Mani kazi haikukamilika mpaka karne ya 9.

Ncha ya Mani ni rasi ya Tainaron. Wagiriki wa kale waliamini pale pana pango la kushukia kuzimu, ndipo Herakles alipomburuta Cerberus, mbwa wa kuzimu, hadi juani. Palikuwa na hekalu la Poseidon, mungu wa bahari. Mawe ya hekalu yakajenga kanisa dogo, magofu yake yapo hadi leo juu ya ghuba, na kanisa likapewa jina la Asomatoi, wasio na mwili, yaani malaika. Mkuu wao ni Mikaeli, ambaye Waorthodoksi humchora na upanga mkononi na humwona kama mpokea roho. Mlango wa kuzimu umekabidhiwa malaika wa roho. Aliyechagua jina lile aliijua vizuri sehemu yake.

#15 Mwl. Mstaafu

Hapo umenena. Je, kuna maandishi ya wasomi wa Constantinople kuhusu kuzimu, au ni nyimbo za vijijini tu?

#16 Mtanga wa Bandarini

Yapo, mwalimu, na moja linaanzia mji niliokaa. Linaitwa Timarion, la karne ya 12, mwandishi wake hajulikani. Mtu mmoja wa Constantinople anakwenda Thessaloniki kwenye maonyesho ya biashara ya Mtakatifu Demetrius, mwezi wa Oktoba. Anaeleza mahema yaliyopangwa safu mbili nje ya mji, vitambaa, farasi, ng'ombe, kondoo na nguruwe wakipiga kelele mchana kutwa. Wakati wa kurudi anaugua njiani. Pepo wawili wanamchukua roho wakidai nyongo yake yote imemtoka, na kwa tiba ya wakati ule mtu hawezi kuishi bila mojawapo ya vimiminika vinne vya mwili.

Huko chini anamkuta mwalimu wake wa zamani, anayemsimamia kama wakili. Kesi inafunguliwa: amechukuliwa kinyume cha sheria, bado alikuwa na nyongo. Majaji ni Minos na Aiakos, wale wale wa hadithi za kale, na pamoja nao amekaa Theophilos, mfalme Mkristo wa karne ya 9 aliyesifika kwa haki. Timarion anashinda, anarudishwa mwilini.

Msomi wa Kikristo, mji wa Kikristo, na bado akitaka kuchora mahakama ya wafu majaji wanaomjia kichwani ni wa zamani.

#17 Fundi Saa

Rudi kwenye mieleka. Ulisema tuishike.

#18 Mtanga wa Bandarini

Naam. Hapa ndipo ninapopenda mimi.

Mpaka wa mashariki wa dola, kwenye mto Euphrates, ulilindwa na askari walioitwa akritai, watu wa ukingoni. Upande wa pili ni maemiri wa Kiarabu. Walipigana, wakauziana, wakatekana, wakaoana. Shujaa aliyezaliwa huko kwenye masimulizi ni Digenis Akritas. Digenis ni mtu wa nasaba mbili: baba yake emiri Mwarabu, mama yake binti wa jenerali wa dola. Emiri alimteka msichana, akampenda, akabatizwa ili amwoe. Shujaa mkubwa kuliko wote wa Wagiriki wa enzi za kati ni nusu Mwarabu, na waimbaji hawakuficha. Waliliweka mbele, kwenye jina lake.

Utenzi ulioandikwa huwekwa kwa kawaida kwenye karne ya 12, na wasomi wa Ulaya waliuchapa mara ya kwanza Paris mwaka 1875 kutokana na nakala iliyopatikana Trebizond. Katika utenzi Digenis anaugua baada ya kuoga na kufa kitandani akiwa kijana, mkewe naye anaanguka hapo hapo. Ni kifo cha kiungwana.

Wananchi hawakukubali. Kwenye nyimbo zilizobaki midomoni mwa watu wa Pontus (pwani ya Bahari Nyeusi), Krete na Cyprus, Digenis hafi kitandani kirahisi. Charos anamjia na kumwambia ametumwa kuchukua roho yake. Digenis anasema: njoo tupigane, ukishinda ichukue. Wanakwenda kwenye kiwanja cha marumaru cha kupuria ngano.

Wagiriki wana viwanja hivyo kila kijiji cha zamani, duara la mawe lililosakafiwa, juu ya kilima panapopita upepo wa kupepetea. Ngano inatandazwa, ng'ombe au nyumbu wanazungushwa juu yake mpaka punje zinaachana na bua. Nilikaa kwenye kimoja jioni na mawe yalikuwa bado na joto. Hapo ndipo mtunzi asiyejulikana alipowakutanisha mtu na kifo, mahali ambapo kila mwaka punje hutolewa kwenye ganda. Wanashikana. Digenis anapobana, mifupa ya Charos inalia. Siku 3 mchana na usiku. Mwishowe Charos anamkamata nywele.

Charos ni Thanatos wa Euripides, Digenis ni Herakles, kasoro jambo moja: safari hii mtu anashindwa. Nadhani wanakijiji walioimba walikuwa wakweli kuliko mwandishi wa Athens.

Kule Cyprus mlima Pentadaktylos una vilele vitano vya jiwe. Watu wanasema ni alama za vidole vya Digenis alipoushika. Na mwamba mkubwa ulio baharini karibu na Paphos unaitwa Petra tou Romiou, jiwe la Mrumi, kwa kuwa Digenis aliwarushia maharamia. Mwamba huo huo watalii wanaambiwa ndipo alipozaliwa Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi.

#19 Konda wa Zamani

Mimi si msomi ila nimefanya kazi ya daladala miaka 14. Umesema nauli, nauli, toka mwanzo. Wao wenyewe waliita nini hiyo pesa ya mvushaji?

#20 Mtanga wa Bandarini

@Konda wa Zamani ndugu yangu, nilikuwa nangoja mtu aulize.

Waliiita naulon. Malipo ya chombo cha majini. Neno hilo likaingia kwenye Kiarabu cha mabaharia na wafanyabiashara, nawl na nawlun, malipo ya kupakia merini. Kutoka kwenye Kiarabu likashuka pwani yetu likawa nauli. Neno ulilolisema mara elfu kwa siku, umening'inia mlangoni, ndilo Waathens walilotumia kwa pesa iliyokuwa mdomoni mwa marehemu.

Halikusafiri peke yake. Kalamu, karatasi, kanuni, falsafa, Injili, askofu, dirhamu, yote yana mzizi wa Kigiriki na yamefika kwetu kwa kupitia Kiarabu.

Na huko kwao desturi haikufa na hekalu la mwisho. Karne na karne baadaye, vijiji kadhaa vya Ugiriki na Asia Ndogo vilikuwa bado vinamwekea marehemu sarafu. Kwingine makasisi walifanikiwa kuibadili: badala ya pesa, kigae cha chungu kilichoandikwa "Yesu Kristo anashinda" kiliwekwa midomoni. Kisiwa cha Naxos kilikuwa ni kimsalaba cha nta, hakina thamani ya pesa hata kidogo, na wenyeji walikiita naulon. Kitu kilibadilika, jina likabaki pale pale mdomoni.

#21 Konda wa Zamani

Aisee. Nimemsomea mke wangu hii, kakaa kimya kabisa.

#22 Kasuku wa Kisosora

Na huyo Charos wa farasi mweusi, ana huruma yoyote?

#23 Mtanga wa Bandarini

Kuna wimbo mmoja wa kale unaouliza kwa nini milima ni meusi. Ni upepo unaipiga, au mvua? Jibu: Charos anapita na wafu. Vijana wanatangulia mbele, wazee wanakuja nyuma, watoto wachanga amewapanga kwenye tandiko la farasi. Goethe aliupenda hata akautafsiri kwa Kijerumani.

Wazee na vijana wanamsihi: simama kijijini, au simama kwenye chemchemi, wazee wanywe maji, vijana washindane kurusha mawe, watoto wachume maua. Charos anakataa. Anasema akina mama wanakuja kuteka maji hapo, watawatambua watoto wao. Wake na waume watatambuana, na hakuna atakayeweza kuwatenganisha.

Sijui uite huruma au ukatili. Anajua kabisa hawezi kuwaachanisha, ndiyo maana anapita mbali.

Na bado yuko kazini. Mgonjwa akiwa mahututi, magazeti ya Athens yanaandika haropalevi, neno moja, maana yake anapigana mieleka na Charos. Nililisoma kwenye habari ya mtu aliyepata ajali ya pikipiki, limeandikwa kawaida tu kama sisi tunavyoandika "hali yake ni mbaya".

#24 Shangazi Mpole

Mwanangu, umetuambia ulikula ile ngano. Je, ulisema ulichoambiwa useme? Na yule mama ulimwona tena Jumamosi kama ile?

#25 Mtanga wa Bandarini

Nilisema, Shangazi. Na mwaka uliofuata nilikwenda naye.

Zile Jumamosi huitwa za roho. Kanisa lilijaa kina mama, na kila mmoja ana sahani yake ya kolyva yenye mshumaa mmoja katikati, wakaziweka zote kwenye meza ndefu. Pamoja na sahani unampa kasisi kikaratasi chenye majina ya kwanza ya marehemu wako, bila ukoo, bila tarehe. Anayasoma yote kwa sauti moja ya haraka, mamia ya majina, na wenye watu wao wanasikiliza wakingoja la kwao lipite.

Tukiwa bado nyumbani, ameshavaa koti, aliniuliza baba yangu aliitwa nani. Nikamwambia Yohana. Akatoa kile kikaratasi mkobani, akakiegemeza kwenye friji, akaandika chini ya jina la mumewe, kwa herufi zao: Ioannis.

Kasisi alipolifikia, mama yule alinigusa kiwiko.